Lile doa jeupe kwenye skrini si lazima liwe fisi

Mwezi huu nimetumiwa tangazo moja na watu wanne tofauti. Ni la darubini ya joto, ndogo kama chupa ya soda, na chini yake maandishi makubwa: "Ona mita 900 gizani." Kwenye picha kuna mzungu amevaa nguo za kijeshi, bunduki begani, nyuma yake giza tupu. Swali linalokuja na tangazo ni lilelile: "Buda, hii ni ya ukweli ama tunachezwa? Tuchange tununue?"

Wawili kati ya hao wanne wako huku kwetu, upande wa Olkaria, na wana sababu zao. Mmoja, familia yake imepoteza mbuzi sita kwa fisi tangu mvua ianze. Mwingine ni wa boda, anabeba wafanyakazi wa zamu ya usiku, na nyati wa huku hawana habari na honi. Hao wengine wawili wako Nairobi na, tuseme tu ukweli, wameona video za watu wakiwinda usiku wakadhani ni gemu.

Nawajibu wote pamoja. Hizo mita 900 si uongo. Ila hazimaanishi unachofikiria, na hapo katikati, kati ya kilichoandikwa kwenye boksi na unachofikiria, ndipo mtu anaweza kupoteza maisha.

Kwanza, tangazo lenyewe halikutengenezwa likikuwaza wewe. Soko kubwa la hivi vitu ni watu wa kule Marekani, Texas hasa, ambako nguruwe pori wanaharibu mashamba na sheria inaruhusu kuwapiga usiku kwenye shamba la mtu binafsi. Mwenye shamba ana ua, anajua nani yuko ndani, na akiona kitu chenye joto kinachimba mahindi yake saa nane usiku, hesabu yake ni fupi. Ndiyo maana video zote zinafanana: doa jeupe, mlio, doa linaanguka, makofi.

Huku kwetu hesabu si hiyo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori Mei 1977, na mwaka uliofuata biashara ya nyara ikafungwa pia. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikaongeza meno: kwa mnyama aliye hatarini kutoweka, iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha. Na usijidanganye kwamba hiyo ni story ya vifaru na ndovu peke yake. Swala wa kitoweo pia ni kosa, hata kama unasema ni wa kula nyumbani tu. Kwa hivyo wasee wangu wa Nairobi, jibu lenu limeisha hapo. Na kitu chochote kinachofungwa juu ya bunduki, kabla hujauliza bei, nenda kwanza kwa watu wanaotoa leseni za silaha. Muuzaji wa mtandaoni hatasimama na wewe kortini.

Sasa nibaki na hao wawili wa Olkaria, maana wao swali lao ni la kweli.

Kuna koo mbili za vifaa vya kuona usiku, na watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza hukuza mwanga. Inachukua ule mwanga kidogo wa nyota na mwezi, inauongeza mara nyingi sana, inakupa picha ya kijani au ya kijivu. Zile za bei nafuu ni za kidijitali, karibu sawa na kamera ya CCTV ya duka, na huwa na taa yake ya infraredi ambayo jicho lako halioni. Ukoo wa pili haujali mwanga kabisa. Unasoma joto linalotoka kwenye kila kitu, yaani mawimbi marefu ya infraredi, kati ya mikroni 8 na 14 hivi. Ndiyo maana lenzi yake si ya kioo cha kawaida, ni ya jemaniamu, madini ya bei, kwa sababu kioo cha kawaida kinazuia hayo mawimbi. Jaribu siku moja: kaa ndani ya gari, funga dirisha, elekeza kamera ya joto nje. Hutaona fisi wala barabara. Utaona kivuli cha uso wako mwenyewe kwenye kioo. Msee wa boda hana shida ya dirisha, lakini nimeona watu wa magari wakirudisha kifaa dukani wakidhani kimeharibika.

Mwaka jana jamaa anayerekodi filamu za wanyama aliniazima zote mbili kwa wiki moja. Hell's Gate yenyewe hufungwa jioni, kwa hivyo tulikaa nje ya hifadhi, kando ya barabara na kwenye maboma ya watu tunaowajua. Na hapo ndipo niligundua kwamba Olkaria ni mahali pagumu kuliko pote nilipowahi kusoma kwenye maelezo ya hivi vifaa. Fikiria tu. Kamera ya joto inafanya kazi kwa sababu mnyama ana joto na ardhi imepoa. Sasa umeipeleka mahali ambapo ardhi yenyewe inachemka. Mtambo wa kwanza wa mvuke hapa ulianza 1981 na tangu hapo visima na mabomba vimeenea kila bonde, lakini hata kabla ya binadamu kuchimba chochote, kulikuwa na matundu ya mvuke kwenye mawe.

Saa mbili usiku ukiangalia mteremko wenye mawe, kila jiwe lililokunywa jua mchana kutwa linang'aa. Pimbi aliyekaa juu ya jiwe anapotea kabisa, kwa sababu yeye na jiwe wana joto linalokaribiana. Penye tundu la mvuke unaona doa jeupe kubwa linalotikisika, na ukiwa na wasiwasi kidogo utaapa linatembea. Mabomba nayo ni vituko. Ndani yana mvuke wa zaidi ya digrii mia, ungetegemea yawake kama moto. Lakini yale yenye ganda la bati linalong'aa yanaonekana meusi, baridi, kwa sababu bati linalong'aa halitoi joto lake vizuri, linarudisha tu picha ya anga, na anga ya usiku ni baridi. Kinachowaka ni maungio na miguu ya bomba. Kwa hivyo unaona mstari mweusi angani na chini yake safu ya madoa meupe yamepangana, ya kimo cha mbuzi. Usiku wa kwanza nilihesabu "mbuzi" kumi na moja waliosimama bila kusogea hata kidogo. Nilicheka, lakini mwenzangu ambaye hajui mabomba yako wapi angefanya nini?

Ukitaka picha safi huku, amka saa kumi alfajiri. Mawe yameshapoa, baridi ya Naivasha imekolea, na kitu chenye damu kinasimama peke yake kwenye skrini. Tatizo ni kwamba fisi hafuati ratiba yako.

Ile ya kukuza mwanga nayo ina matatizo yake. Taa za mitambo ni kali, na ukigeuka upande huo picha inajaa weupe. Ukiwasha taa ya infraredi palipo na mvuke, mwanga unakurudia usoni, sawasawa na taa kali za gari kwenye ukungu wa Limuru. Na hiyo taa si siri. Ile ya nanomita 850 inaonekana kama nukta nyekundu hafifu ukiitazama moja kwa moja, na mtu yeyote mwenye kifaa kama chako anakuona kutoka mbali kama umeshika kurunzi. Ya 940 haionekani kwa jicho, lakini nguvu yake ni ndogo. Hata hivyo, palipokuwa na hewa safi, hii ya mwanga ilinipa kitu ambacho ile ya joto haikunipa: sura. Niliona madoadoa ya fisi. Niliona shuka. Niliona kwamba kitu nilichodhani ni punda milia ni punda wa jirani amebeba alama ya rangi.

Turudi kwenye zile mita 900, na mnivumilie na hesabu, ni ya darasa la nane tu.

Mwaka 1958 mtafiti wa jeshi la Marekani, John Johnson, alipima ni kiasi gani cha picha kinahitajika ili mtu aseme ameona kitu. Akagawanya kazi ya jicho ngazi nne, na watengenezaji wanatumia tatu kati ya hizo mpaka leo. Kwa lugha ya pikseli ni hivi: ukipata pikseli kama 2 juu ya kitu, unajua kuna kitu. Ukipata kama 8, unajua ni aina gani, yaani mtu, mnyama au gari. Ukipata kama 13, sasa unaweza kusema ni fisi na si mbwa, ni huyu na si yule. Na hiyo ni kwa nafasi ya nusu kwa nusu, si uhakika wa asilimia mia.

Chukua kifaa cha kawaida: kihisi chenye pikseli za mikroni 12 na lenzi ya milimita 19. Kwenye umbali wa mita 100, pikseli moja inafunika kama sentimita 6 za dunia. Mnyama wa nusu mita, karibu ukubwa wa mbuzi, utaona kwamba "kuna kitu" mpaka mita 400. Utajua ni mnyama ukiwa kama mita 100. Utajua ni mnyama gani ukiwa mita 60 hivi. Mita sitini! Zile 900 zinatoka wapi? Wanachukua mtu mzima amesimama wima, mita 1.8, wanamgawa kwa pikseli mbili au tatu, hewani hakuna unyevu, hakuna mvuke, hakuna jiwe la moto nyuma yake. Kwa hivyo ndiyo, kwa mita 900 utaona nukta. Nukta hiyo inaweza kuwa binadamu. Hilo ndilo boksi linakuahidi, ukilisoma kwa uaminifu.

Na usiambiwe zoom itasaidia. Zoom ya kidijitali inachukua zile pikseli mbili inazifanya miraba mikubwa miwili. Kinachosaidia ni lenzi ndefu zaidi au pikseli nyingi zaidi, na vyote viwili ni pesa. Lenzi ya milimita 35 inasogeza ile mita 60 hadi kama 110, lakini pia inakubana: kwenye kihisi cha 384 kwa 288, mita 100 mbele yako unaona upana wa mita 13 tu badala ya 24. Ni kama kutafuta fisi ukichungulia kupitia bomba. Kwa boma, mimi ningechukua ile pana. Kwa barabara pia.

Sasa nieleze kilichotokea usiku wa nne, kwa sababu ndio sababu naandika.

Tulikuwa kwenye boma moja upande wa RAPland, kule familia zilikohamishiwa 2014 kupisha Olkaria IV. Fisi walikuwa wamekuja juzi yake. Vijana watatu walikuwa macho, wawili na mikuki, mimi na ile darubini ya joto, ya 256 kwa 192. Kama saa tisa usiku mmoja akanigusa bega. Kulikuwa na doa chini ya mteremko, mbali kidogo na ua, kama mita 150. Lilikuwa fupi, limeinama, mbele pana nyuma jembamba. Lilisogea, likasimama, likasogea tena. Nikampa kifaa mwenzangu, akaangalia, akasema, "Ni yeye. Angalia mabega." Yule wa tatu akaangalia, akakubali. Watu watatu, wote wamezaliwa huku, wote wanajua fisi anavyotembea. Mkuki tayari mkononi, wakaanza kuongea nani apite kulia.

Mzee wa boma alikuwa ametoka kwa sababu ya minong'ono. Hakuomba hata kuangalia kwenye skrini. Alisimama mlangoni akaita kwa sauti, kwa Kimaasai, neno moja refu. Kimya. Akaita tena. Na lile doa likajibu.

Alikuwa mtoto wa boma la pili, miaka kumi na mbili hivi, anatafuta mwanakondoo aliyebaki nje. Alikuwa amejifunika shuka mpaka kichwani kwa sababu ya baridi, ameinama akipapasa majani. Shuka ya sufu inazuia joto la mwili lisitoke, kwa hivyo mgongo wake ulikuwa hafifu kwenye skrini, na kilichowaka ni uso, mikono na miguu. Kutoka mita 150, kwa pikseli tano au sita hivi, hiyo ni picha ya fisi. Si kwamba vijana hawakuwa makini. Kifaa kilionyesha kila kitu kilichokuwa na uwezo wa kuonyesha, na kilichobaki akili ilijaza yenyewe, na akili ilikuwa imekesha siku tatu ikimngoja fisi.

Yule mzee alimpa mtoto chai. Kisha akatugeukia, na hakupaza sauti: "Nyinyi vijana, hiyo kitu yenu inaona mbali. Inaita?"

Tangu hapo, mtu akiniuliza kuhusu darubini ya kulengea, ile ya kufunga juu ya bunduki, huwa nasema kitu kimoja. Ili uangalie kitu kupitia darubini iliyo kwenye bunduki, lazima uelekeze mdomo wa bunduki kwa hicho kitu. Hakuna njia nyingine. Kila doa unalotaka kujua ni nini, umeshalilenga kabla hujajua. Najua kuna polisi wa akiba huku Bonde la Ufa wanaofanya doria usiku, na wana bunduki kihalali, na wengine wamenisikiliza kwenye video wakauliza. Kwao pia jibu ni lile: anza na ya mkononi. Ya mkononi inatafuta, inachunguza, inapitishana kati ya watu watatu wabishane. Bunduki ibaki imeelekea chini mpaka ubishi uishe. Kama bajeti ni ya kifaa kimoja tu, basi si hicho cha bunduki.

Na si mimi niliyebuni huo mpangilio. Machi 2016 WWF na maaskari wa Mara walianza kutumia kamera ya joto ya FLIR juu ya gari. Majangili walikuwa wamezoea kuingia usiku bila tochi, wakijua hakuna anayewaona. Ghafla wakawa wanakamatwa, zaidi ya ishirini katika miezi ya mwanzo. Neno ni hilo: wanakamatwa. Mtu wa kamera anakaa kwenye gari, anaona madoa, anawaelekeza wenzake kwa redio, nao wanaenda kwa miguu mpaka wawe karibu vya kutosha kujua ni nani. Baadaye, 2019, FLIR ikatangaza msaada wa vifaa kwa hifadhi kumi za Kenya, na Ziwa Nakuru, hapo tu kwa jirani, ni moja ya mahali ambapo kamera hizi zimelinda vifaru. Mwaka 2020 hakuna kifaru hata mmoja aliyeuawa na majangili Kenya nzima, mara ya kwanza tangu 1999. Corona ilisaidia, ni kweli, barabara zilikuwa zimefungwa. Lakini kazi ya watu waliokuwa wakikesha nyuma ya skrini ilikuwemo.

Kama bado unataka kununua, mambo machache ya haraka. Angalia kasi ya picha. Vile vidogo vya kuchomeka kwenye simu mara nyingi huishia picha 9 kwa sekunde, na si bahati mbaya: sheria za Marekani za kuuza teknolojia nje ni kali zaidi kwa kamera za joto zinazozidi hapo. Kwa kupima bomba linalovuja, 9 inatosha. Kwa fisi anayekimbia, utaona anarukaruka kama video iliyokwama. Tafuta 25 au 50. Angalia pia unyeti, ile namba ya milikelvini. Ndogo ndiyo nzuri, na usiku wenye unyevu tofauti ya chini ya 25 na ya 50 utaiona kwa macho. Mvua na ukungu hupunguza kila namba niliyotaja hapo juu. Ikilia "tik" na picha kuganda kwa nusu sekunde, haijaharibika, inajirekebisha. Na droni yenye kamera ya joto, usithubutu kuirusha juu ya hifadhi bila kibali. Hiyo ni kesi nyingine ya peke yake.

Msee wa boda, wewe pole, sikushauri ununue. Huwezi kuendesha na jicho moja kwenye skrini, na nyati akitokea mita 20 mbele hakuna kifaa kitakachokuokoa. Pesa hiyo weka kwenye taa nzuri ya mbele na breki, halafu punguza kasi pale kwenye kona ambazo sote tunazijua.

Ile familia ya mbuzi ndiyo tulikaa nayo tukapiga hesabu. Kifaa kizuri cha mkononi, cha 384, kinakaribia bei ya pikipiki mpya. Mbuzi sita ni pesa, lakini si pesa hizo. Nikawakumbusha Richard Turere, yule kijana wa Kitengela aliyefunga taa za kuwakawaka kuzunguka zizi la baba yake akiwa bado mtoto, simba wakaacha kuja, mpaka akaitwa kuhutubia TED 2013. Vifaa vyake vilikuwa betri ya gari, paneli ya sola na vipande vya tochi. Na fisi, wavu imara wa chuma uliozikwa chini kidogo humzuia vizuri kuliko macho ya mtu aliyelala nusu. Boma lao halina umeme, ingawa nyaya kubwa za kupeleka umeme Nairobi zinapita juu yake kabisa, kwa hivyo hata kuchaji darubini ingekuwa safari.

Wakaamua hivi. Pesa ya kwanza imeenda kwenye wavu na taa nne za sola. Iliyobaki wamechanga na maboma mengine matatu, na mwezi ujao watanunua kifaa kimoja cha mkononi, cha kuzungushana, wiki moja kila boma. Betri mbili zitachajiwa kwenye duka la pale kwenye barabara. Mzee ameweka sharti moja, nalo limeandikwa kwa kalamu ya wino juu ya boksi ambalo bado halijafika: anayeona doa anapita kwanza kwa mzee, na mzee anaita mara mbili.